Gari limefeli ukaguzi, hita inapuliza hewa baridi

Zamu ya Usiku: Ndugu zangu, poleni na baridi. Leo gari langu limefeli ukaguzi. Breki nzima, taa nzima, tairi nzima. Mkaguzi kawasha feni, kaweka kiganja kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, kasubiri, halafu kaandika: hewa ya kuondoa ukungu haina joto. Nimepewa ile karatasi ya siku 14 za kutengeneza na kurudi kukaguliwa. Naomba kujua: inaniruhusu kwenda nalo kazini, au ni gereji na kurudi tu? Yule bwana wa dirishani alisema imeandikwa nyuma, na nyuma hakuna kitu. Natoka kazini saa tisa usiku, basi hakuna.

Kijana wa Malori: Pole sana dada. Hiyo ni gesi ya AC imeisha. Langu lilikuwa hivyo hivyo, wakajaza gesi, likapona. Kwa sasa weka boksi mbele ya rejeta, injini itashika joto haraka.

Fundi Mstaafu: Kijana, usimpotoshe mwenzio. Gesi ni ya kupoza. Joto la hita linatoka kwenye maji ya injini: pampu inayasukuma, yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hapo. AC inasaidia ukungu kwa sababu inakausha hewa, basi. Na boksi achana nalo. Ukikaa foleni ukalisahau, injini inachemka na gasketi ya silinda hedi inaungua.

Binti yangu, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa tazama chupa ya kulanti, yaani hayo maji ya injini. Usifungue mfuniko injini ikiwa moto, yale maji yana presha, yatakuunguza uso. Kulanti ikiwa sawa, washa gari usubiri mshale wa joto ufike katikati. Ukigoma kupanda, au ukishuka kila ukishika barabara kuu, themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto, imekwama wazi. Ukipanda vizuri, gusa kwa tahadhari ile mipira miwili ya maji ya hita inayoingia ukutani nyuma ya injini. Yote moto na ndani bado baridi, kimlango cha kuchanganya hewa moto na baridi hakifunguki. Mmoja moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au vali yake imefunga kama gari lako linayo. Yote baridi, kulanti imepungua, hewa imenasa, au pampu imechoka.

Dada wa Ghorofa ya Tatu: Shikamoo Mzee. Kwangu ilikuwa hicho kimlango. Kila nikizungusha swichi ya joto, tak-tak-tak nyuma ya dashibodi. Gereji ya kwanza walitaka kufumua dashibodi yote. Ya pili wakabadilisha kimota chenye meno ya plastiki yaliyokatika, saa moja tu. Kuhusu ofisi, mimi nilipewa karatasi ya zamani, ile isiyo na tarehe, nikasimama dirishani saa tatu nzima. Asubuhi nikikwangua barafu kwenye kioo, vidole vimekufa ganzi, namkumbuka marehemu baba. Kule kwetu kwenye jua, alikuwa anafungua milango yote minne joto litoke kwanza, ndipo tupande.

Kijana wa Malori: Mzee, samahani, lakini langu lilipona.

Fundi Mstaafu: Marahaba, dada. Kijana, uliza walichojaza. Gesi haipashi maji ya injini joto.

Baba Pacha: Mimi kinachoniuma ni kwamba wanaoumia ni walewale wa zamu za usiku. Mwenye gari jipya hata dirisha lile halijui. Na diwani akiitisha mkutano hatuendi, tunalalamika humu.

Zamu ya Usiku: Mzee, asante sana. Kulanti iko chini kabisa ya alama ya MIN. Nikikanyaga mafuta joto linakuja kidogo, injini ikirudi sailensa, bila kukanyaga mafuta, linapotea. Nilisikia na maji yanabubujika ndani ya dashibodi.

Fundi Mstaafu: Hiyo ni hewa. Jaza kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Paki pua ikiwa juu kwenye mwinuko, hita weka moto mwisho, acha injini iende mpaka viputo viishe. Viputo visipoisha kabisa, nambie, tutazungumzia gasketi. Ila maji yale yalikwenda wapi? Hayapungui bila sababu. Inua zulia la upande wa abiria.

Zamu ya Usiku: Nimefanya, joto limerudi. Nimeinua na zulia. Limelowa, linanata vidoleni, lina harufu tamutamu. Ndiyo maana kioo kilikuwa na utando wa mafuta kila nikikifuta. Mwanangu huwa anakaa hapo.

Fundi Mstaafu: Rejeta ndogo imetoboka. Nawa mikono sasa hivi. Kulanti ni sumu, na utamu wake huvutia watoto na paka. Mtoto akae nyuma mpaka litengenezwe, na usiendeshe bila kutazama ile chupa kila asubuhi.

Zamu ya Usiku: Sawa Mzee, Mungu akubariki. Gereji wamenipa Alhamisi ya wiki ijayo, na siku zimebaki 9. Usiku huu naingia saa nne. Ile karatasi, kuna aliyewahi kusimamishwa nayo akienda kazini?