Naomba ushauri wa kisheria, kijana wangu hataki kuhama nyumbani

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisaidie mawazo. Niko Mbagala, Dar, mwanangu wa kwanza ana miaka 31, anaendesha boda lakini hachangii hata luku, usiku anarudi kalewa anapiga geti mateke mpaka wajukuu wanaamka wanalia, na juzi kauza mtungi wangu wa gesi. Nikimwambia katafute chumba ananijibu hii nyumba ya baba haondoki mtu. Ni kweli na marehemu tulijenga wote, ila kiwanja nilinunua mimi na karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina langu, mirathi hatujafungua.

Wajomba zake wamekaa naye kikao, mjumbe kamwita, mwenyekiti kamwandikia barua, wapi. Kumtupia vitu nje kienyeji sitaki, ni damu yangu yule, nataka nifuate sheria.

Sasa mnaojua, nianzie baraza la kata kwa usuluhishi au niende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Na je ni lazima nifungue kwanza mirathi mahakama ya mwanzo au hiyo karatasi yangu inatosha?