Dhoruba ya Buffalo 2022: marufuku ya magari ilichelewa, au tunamlaumu mtu bure?

Mkazi wa Broadway

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tumesimama nje tukisubiri magari yapate joto. Mzee mmoja akasema ile dhoruba ya Krismasi ya 2022 ilikuwa kazi ya Mungu, serikali iachwe. Tukabishana mpaka vioo vikaganda upya. Nauleta ubishi hapa.

Kwa ambao hamkuwapo hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani: ilianza Ijumaa tarehe 23 Desemba. Ziwa Erie lilikuwa halijaganda, baridi kali ikalipitia juu kwa upepo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa, maji ya ziwa yakageuka theluji na yote ikamwagwa juu yetu. Hali ya dhoruba kamili ilidumu saa 37 mfululizo, huoni hata boneti ya gari unaloliendesha. Uwanja wa ndege ulipima karibu inchi 52, yaani sentimita 130 na ushee. Katika Erie County, kaunti yetu, walikufa watu 47, na 31 kati yao ni ndani ya jiji la Buffalo. Kuna waliokutwa kwenye magari, kuna waliokutwa njiani kwa miguu, kuna walioganda majumbani umeme umekatika, kuna ambao moyo ulisimama wakichota theluji. Na kuna waliopiga simu ya dharura wakangoja, kwa sababu hata magari ya zimamoto yalinasa.

Hoja yangu ni hii. Watu wa hali ya hewa walishasema siku kadhaa kabla kwamba dhoruba kama hii huja mara moja katika kizazi. Marufuku ya kaunti ya kuendesha gari ikaanza saa tatu na nusu asubuhi ya Ijumaa, nayo ilitangazwa haijabaki hata saa moja. Saa tatu na nusu mtu wa shifti ya asubuhi yuko kazini zamani.

Alhamisi usiku msimamizi wetu alituma ujumbe: "Kesho tupo kama kawaida. Njoo ukiweza." Sisi wa mshahara wa saa tunaijua hiyo "ukiweza". Maana yake njoo, na ukinasa hatukukuambia uje. Marufuku ikitoka Alhamisi jioni, mimi nina cha kumwonyesha. Isipotoka, kubaki nyumbani ni uvivu wangu. Mwenye kazi ya ofisini alifungua kompyuta sebuleni kwake. Aliyelazimika kuingia barabarani ni mpishi, mfagizi, mtunza wazee. Zaidi ya nusu ya waliokufa mjini walikuwa watu weusi, na weusi ni kama theluthi moja tu ya wakazi. Mungu hachagui mtaa hivyo.

Mbishi

Kaka, umeeleza vizuri ila umeruka Novemba. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulipigwa na theluji nyingine. Safari hiyo walifunga barabara mapema. Ikawaje? Orchard Park ikapata zaidi ya inchi 80, kweli, lakini huku kaskazini ya jiji palikuwa na kitu kidogo tu, watoto wanacheza nje. Theluji ya ziwa hushuka kwa ukanda: mtaa huu umefunikwa, wa pili una jua. Ukifunga kaunti nzima kila mara ukanda unapopita, mara ya tatu hakuna atakayekusikiliza.

Halafu Mark Poloncarz, mkuu wa kaunti, alieleza kwamba walitaka watu wa shifti ya usiku wafike kwanza makwao. Hao nao ni wa mshahara wa saa, au siyo? Alisema kama kuna wa kulaumiwa alaumiwe yeye. Wanasiasa wangapi husema hivyo?

Mkazi wa Broadway

Shifti ya usiku ingepangiwa njia kama ingeambiwa tangu Alhamisi mchana. Na kusema "nilaumuni" halafu nini?

Mama Grant

Samahani wanangu, mnabishana saa ya kutangaza. Mimi nauliza, ilitangazwa kwa nani? Simu yangu ililia, nikasoma Kiingereza changu cha kuungaunga. Mara "watch", mara "warning", mara "advisory", mara "ban". Mkalimani gani wa Kiswahili atanipa maneno manne tofauti hapo? Zote atasema "tahadhari". Mimi nilitoka kambini 2015, tahadhari nimezisikia maisha yangu yote, na nikisikia tahadhari nafunga kitenge vizuri naendelea na safari. Hakuna aliyeniambia kwamba ile moja ni amri na unaweza kuadhibiwa, na hizo nyingine ni ushauri.

Hata "theluji" yenyewe. Kwetu ni neno moja. Ukiniambia kesho theluji, najua theluji, nimeishi nayo. Hamkuniambia kesho hutauona mkono wako.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango wa mbele, unafunguka kwa ndani. Ukuta mweupe umesimama mbele yangu, umechapwa alama ya kitasa na alama ya kisanduku cha barua, kama unga uliokandamizwa kwenye kikombe. Mjukuu akaigusa alama ya kitasa akitaka kuizungusha. Tulicheka. Baadaye bomba la moshi la hita likaziba na theluji, moshi ukarudi ndani, tukaanza kuumwa vichwa, na hapo kicheko kiliisha. Jirani, kijana wa Kiburundi, alitokea dirishani akalifukua bomba kwa sufuria. Beleshi lake lilikuwa kwenye gari, na gari hatujui liko wapi.

Dereva wa Greda

Pole sana mama. Mimi nasukuma theluji, si wa jiji, nafanya na kampuni binafsi. Niwaambie kitu ambacho kwenye televisheni hawakukieleza sawasawa.

Greda ni la kusukuma. Inchi 10, 15, unasukuma pembeni, kazi imekwisha. Theluji ikifika kiunoni na mtaa ni mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, utaisukumia wapi? Pale unahitaji kijiko na maroli: unachota, unapakia, unakwenda kumwaga mbali, unarudi. Mtaa mmoja unaweza kula saa nzima. Sasa ongeza magari mamia yaliyotelekezwa katikati ya njia, mengine yamefukiwa huyaoni. Kijiko kikiligonga gari lenye mtu ndani? Kwa hiyo unatambaa, mtu anatangulia kwa miguu na fimbo.

Ndiyo maana nasema saa ya marufuku ni muhimu, tena si kwa sababu ya dereva tu. Kila gari lililoingia njiani Ijumaa asubuhi lilikuja kuwa kizibo cha ambulensi Ijumaa usiku.

Na ule ugomvi wa Poloncarz na Byron Brown, meya wa wakati huo, Poloncarz kusema kazi ya jiji ni aibu kisha kesho yake anaomba radhi, ulinichosha. Hapa kuna barabara za jiji, za kaunti na za jimbo. Mwenye mgonjwa ndani hajui yake ni ya nani.

Mkazi wa Broadway

Mbishi, nikukumbushe Januari 2024. Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa wacheze na Steelers Jumapili, theluji inakuja. Marufuku ilitoka Jumamosi usiku, mechi ikasogezwa mpaka Jumatatu, watu wakalipwa dola 20 kwa saa kufukua viti vya uwanja. Kumbe kuwahi kunawezekana.

Mbishi

Hapo sina la kusema, na ni kwa sababu ya 2022 wenyewe walijifunza. Lakini umekwepa swali moja. Mwaka ule marufuku ya jiji haikuondolewa mpaka usiku wa kuamkia tarehe 29. Mwanangu alikaa nyumbani, akatii. Hundi ya wiki ikaja imepungua, mwenye nyumba hakupunguza chochote. Hicho cheti chako cha kumwonyesha msimamizi kinalipwa na nani?

Mkazi wa Broadway

Hapo umenibana. Mimi mwenyewe zile siku sikulipwa. Na ule ujumbe wa "njoo ukiweza" bado ninao kwenye simu.