Hela ya sayansi sekondari za Tanga: projekta au bureti?

Mtoa mada
Wakuu, hoja ni hii. Shule nyingi za kata mkoani kwetu zina chumba cha maabara, ila vifaa ni vya kuungaunga. Ikipatikana hela ya kununua kitu kimoja tu, inunue projekta ili kidato cha tatu na cha nne wafundishwe kwa simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini), au inunue bureti (mirija ya kioo yenye vipimo na koki) na kemikali? Mimi nasema projekta. Simulesheni za PhET, zinazotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni za bure. Ukishazipakua zinafunguka kwenye kivinjari bila bando. Mwanafunzi anaona elektroni zinavyotembea kwenye waya na molekuli za gesi zinavyogonga kuta. Bureti haimwonyeshi ayoni hata moja.

Fundi sanifu maabara, Muheza
Mtoa mada, tupige hesabu ya taitresheni kwanza, yaani kupima kwa bureti asidi inayotosha kumaliza kabonati. Wanafunzi 40 wakikaa wawili wawili ni meza 20. Kila meza ipe sm³ 100 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), jumla lita 2. Lita hizo mbili zinatokana na sm³ 17 hivi za asidi kolezi (mimina asidi kwenye maji, usigeuze). Kabonati ya sodiamu kavu ni gramu 5.3 kwa lita moja ya 0.05 M. Kwa hiyo kemikali siyo mzigo. Mzigo ni vioo, maana ncha ya bureti inavunjika kwa kugongwa kwenye bomba la sinki wakati wa kuosha.

Sasa niambie simulesheni gani itamfundisha mtoto haya. Bureti ikisuuzwa kwa maji peke yake, matone yaliyobaki yanazimua asidi na usomaji unapanda. Isuuzwe tena kwa asidi yenyewe. Kiputo cha hewa kikibaki kwenye ncha kisha kikatoka katikati ya kazi, nafasi yake inahesabika kama asidi iliyotumika. Faneli ikisahauliwa juu inadondosha tone baada ya usomaji wa kwanza. Na aliyekosea kiashiria cha rangi, akatia fenolfthalini badala ya methili oranji, atakuta rangi imepotea nusu ya njia: kwa sm³ 25 za hiyo kabonati atasoma 12.5 badala ya 25, kisha aseme asidi ilikuwa kolezi zaidi. Simulesheni ya pH ya PhET ni nzuri, lakini bureti haina.

Mzazi, Makorora
Na umeme ukikatika saa nne asubuhi?

Mtoa mada
Simulesheni zinafunguka hata kwenye kishikwambi chenye chaji, mzazi. Walimu waligawiwa vile vya Sensa ya 2022. Ukiweka Kolibri (programu ya kusambaza masomo bila intaneti) kwenye kompyuta mpakato moja, vishikwambi vinaunganishwa nayo kwa waifai yake, intaneti haihitajiki.

Fundi sanifu maabara, Muheza
Hapo umejijibu mwenyewe. Kama simulesheni zinafunguka kwenye kishikwambi, projekta ya nini?

Mwalimu wa fizikia, Pangani
Ndugu zangu, msiweke fizikia na kemia kapu moja. Chukueni pendulamu. Uzi wa mita 1 unatoa kipindi (T, muda wa kwenda na kurudi mara moja) cha sekunde 2.0, na grafu ya T² dhidi ya urefu ina mteremko wa karibu 4. Darasani makosa ni mawili, kila mwaka. La kwanza, urefu unapimwa hadi mwisho wa uzi badala ya katikati ya gololi ya chuma inayoning'inia. La pili, mwanafunzi anaanza kuhesabu "moja" pale anapobonyeza saa, badala ya "sifuri". Basi mizunguko yake 20 ni 19, na g (mchapuko wa mvutano) inamtokea karibu 10.9 badala ya 9.8. Ukimwachia kipima kipindi cha kwenye simulesheni ya pendulamu ya PhET, kosa hilo halimfiki kabisa, na ndilo litakalomnyima alama kwenye mtihani.

Lakini simulesheni hiyohiyo ina sayari X ambayo mvutano wake haujulikani. Zima kipima kipindi, mpe saa ya kawaida iliyomo, mwambie atafute g ya huko. Hapo hawezi kunakili 9.8 kutoka kwenye kitabu. Pembe azianzie chini ya nyuzi 10. Akifika nyuzi 60 kipindi kinaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na fomula ya darasani haimsaidii tena.

Mtoa mada
Na saketi? Hewa yetu ya chumvi inakula klipu na vishikio vya betri kabla muhula haujaisha. Mtoto anaunganisha sawasawa, amita inagoma.

Mwalimu wa fizikia, Pangani
Kweli, kipande cha msasa ni kifaa cha maabara huku pwani. Tena kutu ni ukinzani, ipimwe. Betri mbili za volti 1.5 zenye ukinzani wa ndani wa jumla ya omu 1, zikiungwa kwenye omu 2, zinatoa ampea 1, na voltimita inasoma 2, siyo 3. Mwanafunzi aliyezoea skrini atasema mita ni mbovu, kwa sababu betri ya simulesheni huanza na ukinzani wa ndani wa sifuri. Mwalimu aupandishe kabla ya kuanza, halafu alinganishe na betri halisi mezani. Nisichokubali ni darasa zima kukodolea projekta moja huku mwalimu akibofya peke yake. Hiyo ni sinema. Kila kundi liandike utabiri kwenye daftari kwanza, kisha libofye lenyewe.

Mtoa mada
Libofye kwenye nini, mwalimu? Vishikwambi ni vya walimu. Shule yenye walimu watano wa sayansi ina vitano, na makundi ya wanafunzi wanne wanne ni kumi.

Fundi sanifu maabara, Muheza
Makundi matano bureti, matano vishikwambi, wabadilishane kipindi kinachofuata. Nusu ya darasa ni meza 10, kwa hiyo bureti 10 za kazi na 3 za akiba zinatosha, siyo 20. Stendi za mbao fundi seremala wa mtaani anazichonga.

Mzazi, Makorora
Na wa kusimamia asidi na vishikwambi kwa wakati mmoja ni nani, kama shule haina fundi kama wewe?