Dawa chungu za tumbo: lazima uuonje uchungu au kapsuli inatosha?

Mdadisi:
Wakuu naombeni mawazo. Nikila kidogo tu tumbo linajaa, gesi kibao, na hamu ya kula yenyewe iko chini. Kila ninayemuuliza ananitajia chungu lake, mara shubiri, mara mwarobaini, mara pakanga, mwingine jentiana, ule mzizi wa Ulaya. Sasa mi uchungu siuwezi kabisa, si bora nimeze kapsuli isiguse ulimi? Na hivi zote kazi yake ni moja?

mzizi_mkavu:
Mkuu ukimeza kapsuli umeshaikimbia nusu ya dawa. Jentiana na pakanga toka zamani zinanywewa kidogo kabla ya kula, ulimi ukishapata uchungu mate yanaanza kutoka, ubongo nao unalishtua tumbo kupitia neva ya vagasi lianze kutoa asidi na vimeng'enya vya kusaga chakula, yaani chakula kinakuta jiko limeshawashwa. Na wala huhitaji kikombe kizima, mzizi wa jentiana una kitu kinaitwa amarogentini, sehemu moja kwenye maji sehemu milioni 58 ulimi bado unaushtukia uchungu wake. Watu wanachemsha sufuria nzima eti ikizidi uchungu ndo inaponya zaidi, wapi!

Bint_Majani:
Hapo kwenye kapsuli nakupinga kidogo. Vipokezi vya uchungu, yaani vile vinavyonasa ladha chungu, ambavyo binadamu tunavyo aina kama 25, haviko ulimini peke yake, mpaka kwenye ukuta wa tumbo vipo, kwa hiyo kapsuli si bure kabisa, ila hayo mate ndo unayakosa.

Mdadisi, shubiri iondoe kwenye hiyo listi yako. Ule utomvu wa njano chini ya ganda la jani una aloini, na aloini inaendesha, haileti hamu ya kula. Marekani dawa za kulainisha choo zenye shubiri, zile za kununua bila cheti cha daktari, zilipigwa stopu 2002 maana watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Uchungu sawa, kazi mbali mbali!! Mwarobaini nao usiuzoee, na mafuta yake msiwanyweshe watoto wachanga, yameshawaletea degedege.

mzizi_mkavu:
Sawa dada, la vipokezi nimekuelewa. Naongezea pakanga ina kemikali inaitwa thujoni, ikizidi inachezea neva mpaka mtu anapata kifafa, so si ya kunywa miezi na miezi. Na jentiana usijichimbie mwenyewe, kuna mmea wa sumu unaitwa veratramu unaota nayo milimani Ulaya na kabla ya maua zinafanana, ya jentiana majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, ya veratramu yanapishana.

Mdadisi:
Asanteni. Kuna kitu sijasema, usiku nawaka kifuani na tumbo likiwa tupu linachoma.

Bint_Majani:
Khaa, si ungeanza na hilo! Machungu yanaongeza asidi ndugu yangu, kama ni vidonda vya tumbo unamwagia petroli. Weka yote pembeni ukapime kwanza, waambie na hilo la kushiba haraka, na kama umepungua uzito usilifiche.

Mdadisi:
Uzito umepungua kweli, suruali zinanivuka. Kesho asubuhi naenda.