Redio ya kidijitali inabubujika na kukatika: ninunue busta gani ya antena?

MletaUzi_Nuru: Wakuu, salaam. Naombeni ushauri wa haraka, natakiwa kuamua kabla ya Ijumaa. Nina redio ya kidijitali ya mezani. Stesheni chache zinashika, lakini sauti inabubujika, inakatika, inarudi. Nyingine jina linaonekana kwenye kioo ila kimya kabisa. FM kwenye redio hiyohiyo iko safi. Nataka busta ya antena. Ipi inafaa? Natanguliza shukrani.

FundiMinara: Mkuu, busta iweke kando kwanza. Inakuza mawimbi pamoja na makelele yaliyomo, na kama uko karibu na mnara inaweza kuilemea redio isishike chochote.

Simamisha antena wima, kwa sababu DAB, yaani mfumo wa redio ya kidijitali inayorushwa na minara, kwa kawaida hurushwa wima. Ukiilaza unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Masafa yake ni 174 hadi 240 MHz, juu sana ya FM, kwa hiyo antena inayohitajika ni fupi. Chukua 7500, gawa kwa MHz, unapata sentimita za robo ya wimbi, ndio urefu wa antena. Chaneli 12B iko 225.648 MHz: sentimita 33 hivi. Watu wengi huivuta antena yote kama wanavyofanya kwa FM. Kisha isogeze redio dirishani, mbali na chaja za simu na taa za LED, futa orodha ya stesheni na utafute upya bendi nzima.

BintiStudio: Msisahau kwa nini tunahangaika na teknolojia hii. Kwenye FM kila stesheni ina masafa yake. Hapa stesheni nyingi hupakiwa kwenye maltipleksi moja, yaani furushi moja la stesheni, yenye upana wa 1.536 MHz, ikagawanywa katika vibebeo vidogo 1,536. Kati ya alama moja ya data inayorushwa na nyingine kuna nafasi ya ulinzi ya mikrosekunde 246, muda ambao wimbi husafiri kilomita 74 hivi. Mwangwi wa majengo, hata mawimbi ya mnara wa jirani, yakifika ndani ya muda huo yanasaidia badala ya kuharibu. Ndiyo maana minara mingi inaweza kutumia masafa yaleyale, na aliye safarini hatafuti stesheni upya. Na hakuna bando linaloliwa.

MzeeWaShotiwevu: Kila siku DAB, DAB! Wasikilizaji walio mbali na minara mnawaacha wapi? DRM, mfumo mwingine wa redio ya kidijitali, unaweza kufanya kazi chini ya 30 MHz, ukakaa kwenye nafasi ya kHz 9 au 10 tu, na mtambo mmoja wa mawimbi ya kati au mafupi unafika mbali kuliko mnara wowote wa DAB. Tuwe na huruma na watu wa mbali.

Kisimbuzi: Mzee, hoja yako inastahili uzi wake. Mleta uzi, kwenye redio imeandikwa DAB au DAB+?

MletaUzi_Nuru: Imeandikwa kidijitali, na inashika. Sidhani nembo ndiyo tatizo. Tuongelee busta.

Kisimbuzi: Nembo ndiyo kila kitu. Iangalie, tafadhali.

MletaUzi_Nuru: Sawa. Ni DAB, haina alama ya kujumlisha. Muuzaji alisema ile alama ni urembo tu. Na niseme yote: si redio moja. Nimeshalipa nusu kwa redio 12 za kikundi cha wasikilizaji wasioona. Ni imara, zina FM, vitufe vyake vikubwa. Ndiyo maana nasema nikipata busta nzuri mambo yatakaa sawa.

Kisimbuzi: Hayatakaa. DAB iliyoanza kurushwa 1995 hubana sauti kwa njia ya zamani iitwayo MP2. DAB+ iliyokuja 2007 inatumia njia mpya zaidi, HE-AAC v2. Redio ya zamani haina uwezo wa kufungua sauti hiyo, hata ukiiweka chini ya mnara. Na watangazaji wana sababu ya kuhama: maltipleksi yenye kilobiti 1,152 kwa sekunde inabeba stesheni 9 za MP2 za kilobiti 128, au 18 za DAB+ za kilobiti 64.

Kipanga: Hapa nanusa chai. Redio haifungui DAB+, sasa huko kububujika kumetoka wapi? Mleta uzi anatafuta soko la busta.

FundiMinara: Kipanga, taratibu. Kububujika ndiko kunakothibitisha maelezo yake. MP2 mawimbi yakidhoofu hububujika; DAB+ hukatika ghafla na kunyamaza. Maltipleksi moja inaweza kuchanganya zote mbili. Kwa hiyo hapo kuna hitilafu mbili: MP2 zinapokewa kwa udhaifu, na zile kimya ni DAB+.

Kipanga: Basi abonyeze kitufe cha taarifa kwenye stesheni inayosikika, atuambie kilobiti.

MletaUzi_Nuru: Stesheni 3 zinaandika 128. Nimesimamisha antena kwa sentimita 33 na kuhamisha chaja: hizo 3 hazibubujiki tena. Zile kimya bado kimya.

Kipanga: Nimekubali, samahani mkuu. Maelezo yanalingana.

MletaUzi_Nuru: Je, programu ya redio haiwezi kusasishwa? Nimeshawaahidi watu.

Kisimbuzi: Ni kwa modeli chache tu ambazo kiwanda kiliweka chipu yenye uwezo huo. Mwulize muuzaji namba ya modeli na akuonyeshe sasisho lenyewe kabla hujamaliza malipo. Kama halipo, omba abadilishe ziwe DAB+. Hizo hufungua MP2 pia.

BintiStudio: Kwa wasioona, tafuta redio inayotamka majina ya menyu na stesheni, yenye vitufe vya kuhifadhi stesheni vinavyopapasika. Chukua adapta za umeme pia, maana DAB hula betri haraka kuliko FM. Na msiwashe modeli mbili tofauti ukumbini: kila moja ina ucheleweshaji wake, mtasikia mwangwi.

MletaUzi_Nuru: Nimemwandikia muuzaji. Akikataa kubadilisha zote, nitabaki na 4 kwa ajili ya FM, maana hela yake imeshatoka mfukoni.

FundiMinara: Hizo 4 zibandike alama inayopapasika, wasije wakazichanganya na zile mpya.