Naomba ushauri: fidia ya ulemavu, ushahidi mpya wa daktari uingie hatua gani?

Ndugu wanasheria na wasaidizi wa kisheria, habari zenu.

Kuna fundi mwashi wa Chamwino aliyeumia mkono wa kulia kazini. Tathmini imempa ulemavu wa kudumu asilimia 28, na ombi la kuipitia upya limekataliwa. Mnajua uzito wake: kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, hadi asilimia 30 ni malipo ya mkupuo, pensheni ya kila mwezi huanza juu ya hapo.

Udhaifu naouona uko kwenye ripoti ya daktari. Inasema mfupa umeunga vizuri, basi. Haikupima nguvu ya kushika wala vidole vinakunja kiasi gani, na eksirei haionyeshi mshipa wa fahamu ulioumia. Mwashi asiyeshika mwiko ana mfupa mzima wa nini?

Tunaandaa vipimo vipya, hati za mshahara na nakala ya taarifa ya ajali ya mwajiri (wengi huisahau, kisha tarehe zinapishana).

Je, vipimo hivyo viingie kwenye rufaa kwa Waziri, au Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu itavipokea? Na kuomba sababu za kukataliwa kwa maandishi kunasimamisha siku za rufaa? Nahofia hakusimamishi. Wa Dodoma mjini, nielekezeni pia wakili wa msaada wa kisheria anayezijua kesi hizi.