Diski ya nje inagonga na kompyuta inataka niifomati: nifanyeje?

Mpigapicha_Moro: Wakuu, habari za kazi. Nina diski ya nje ya terabaiti 1 yenye picha za harusi na mahafali za wateja wangu. Tangu umeme ulipokatika na kurudi ghafla, kila nikiichomeka inagonga tik-tik-tik, kisha kompyuta inanitaka niifomati. Fundi mmoja anataka kuifungua palepale kibandani abadilishe kichwa cha kusomea. Mwingine ameniambia niilaze kwenye friza. Je, nikubali?

Fundi_Sahani: Usikubali lolote kati ya hayo mawili. Mlio huo mara nyingi hutokana na kichwa kushindwa kusoma alama zinazokiongoza, hivyo mkono wake unakwenda na kurudi. Kichwa huelea juu ya sahani, yaani bamba la duara linalohifadhi data, kwa umbali wa nanomita chache tu, huku sahani ikizunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi, kwa hiyo kikiwa kibovu kinaweza kukwangua utando wa sumaku ulio na picha zako, na kilichokwanguliwa hakirudi. Chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo; ndiyo maana diski hufunguliwa katika chumba chenye hewa iliyochujwa. Friza nayo huleta unyevu ndani.

Mama_Seva: Naongeza jambo moja. Diski ya nje isiyopata umeme wa kutosha nayo hugonga, kwa hiyo jaribu mara moja tu waya mwingine na tundu jingine. Ikinyamaza na kutambuliwa, usiifomati. Inakili yote kwa programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu zisizo na hitilafu na kuziacha mbovu hadi mwisho, kisha utafute faili katika nakala hiyo, si katika diski yenyewe.

Fundi_Sahani: Sawa, lakini iwe mara moja kweli. Ikigonga tena, ichomoe.

Mpigapicha_Moro: Ahsanteni. Imegonga tena, nimeiweka kando mpaka nipate fedha za wataalamu. Kwa kazi zijazo, nikinunua diski ya pili nikaiacha imechomekwa muda wote, itatosha?

Mama_Seva: Haitatosha, kwa sababu hitilafu ya umeme, mwizi au kirusi kinachofunga faili kitazikuta zote mbili mahali pamoja. Mpigapicha mwenzako wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, katika vihifadhi vya aina 2, na 1 ikae nje ya ofisi. Pia zifungue nakala hizo mara kwa mara. GitLab, kampuni yenye huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, walipofuta hifadhidata yao kimakosa tarehe 31 Januari 2017, waligundua kuwa njia zao kadhaa za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi, wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa takribani saa 6 kabla ya hapo. Kadi ya kamera nayo usiifute kabla picha hazijafika sehemu mbili.

Fundi_Sahani: Na kabla hujalipa wataalamu, wapigie wateja uliokwisha kuwakabidhi picha kwa flashi. Huenda sehemu kubwa ya kazi yako iko kwao.